Shingo Haidanganyi

Mafuta ya nazi ndiyo yaliyomuumbua Kocha Bura, wala si vipimo. Vipimo vilishafanyika, vya damu na vya mkojo, na Fausta Lohay akavivuka vyote bila doa. Mbio za Jasho zilikuwa zimekwisha juzi tu, bendera bado zinaning'inia katika barabara za Dodoma, na mshindi mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kigoda saluni kwa Mama Nyemo, kidevu kimegusa kifua, akisukwa kwa ajili ya sherehe asiyokuwa na hamu nayo. Rafiki yake Veneranda alikuwa amelazwa hospitali. Mtu gani mwenye akili timamu anajipamba wakati mwenzake amelazwa? Lakini shirikisho la riadha lilisema asukwe, basi anasukwa.

Umeme ulikuwa umekatika. Feni ilisimama, bati la saluni linachemka, na Mama Nyemo anaongea bila kituo kama walivyo wasusi, huku akichovya kidole kwenye kopo la mafuta ya nazi na kukipitisha kwenye njia za nywele. Kwa joto la miaka hii mafuta ya nazi yalishasahau kuganda. Yanakaa kwenye kopo yakiwa maji mwaka mzima, na watoto wa mji ule hawajui kwamba zamani asubuhi za baridi yalikuwa meupe, yakichotwa kwa kijiko. Ndiyo maana alipofika shingoni alinyamaza, na Mama Nyemo si mtu wa kunyamaza ovyo.

"We Fausta, una nini hapa?"

"Wapi?"

"Hapa shingoni. Mafuta yameganda."

Fausta alidhani anataniwa. Mama Nyemo akakwangua kwa ukucha, akamletea mbele ya macho kijidonge cheupe kama nta ya mshumaa. Pale pale kidoleni kikaanza kuyeyuka.

"Ni kovu la ile operesheni yangu," Fausta alisema. "Daktari aliniambia kuna mshipa wa fahamu umekufa ganzi. Ndiyo maana nikipata joto nasikia ubaridi hapo."

"Mwanangu, ganzi unaisikia wewe. Mafuta hayana ganzi."

Wanawake waliokuwa wakisubiri zamu wakacheka. Fausta naye alifungua mdomo acheke, kicheko kikagoma. Alipeleka mkono nyuma ya shingo. Kichwa chote kilikuwa kinatoka jasho, mgongo unatiririka, mabega yanawaka, na pale kwenye kovu palikuwa na baridi ya chupa iliyotoka kwenye friji. Alikuwa amepagusa hapo mara nyingi kwa miaka miwili. Hakuwahi kupauliza swali.

Alisimama, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imetimka, akatoka nje juani bila kuaga.

*

Kwenye njia panda ya soko kulikuwa na kioo kikubwa cha matangazo, cha umeme wa jua, kikionyesha mbio za Daraja Huru kutoka nchi fulani ya mbali. Wakimbiaji wa kule walivaa mashati ya barafu, mipira myembamba inazunguka kifuani, glavu zinavuta joto kwenye viganja, na migongoni mwao mvuke unafuka kama wa sufuria ya makande. Hawakuwa wanafanya kosa lolote. Dunia ilipozidi kuwa ya moto na wakimbiaji wakaanza kufa barabarani, wakubwa wa riadha walikaa wakaruhusu vifaa vya kupoza mwili, na kuanzia hapo mbio zikawa za wenye vifaa. Shati moja lilihitaji fundi wake, gari lake na kampuni nyuma yake. Sisi wengine tulipolalamika, tukapewa daraja letu. Wakaliita Daraja la Jasho: maji na mwili wako, basi. Kisha, kwa kuwa binadamu ana vituko, daraja hilo la maskini ndilo likapendwa. Watu waliojifungia kwenye vyumba vya baridi walitaka kuona mtu akitoa jasho la kweli chini ya jua la kweli, kwa hiyo Mbio za Jasho zikawekwa mchana.

Na sura ya daraja hilo ilikuwa Fausta. Ndiye aliyesema mbele ya vipaza sauti vya dunia nzima, "Mimi nakimbia kwa jasho langu," na maneno yale yakaandikwa kwenye fulana. Ushindi wa Dodoma ulikuwa umempa nafasi moja tu ya nchi kwenye Mbio za Dunia. Nafasi moja, na walioigombea kwa dhati walikuwa wawili, yeye na Vene.

Walikua pamoja kwenye kambi ya Dongobesh, juu kule Mbulu, chini ya Kocha Bura. Kambi ilikuwa na sheria nyingi zilizovunjwa kila siku na moja isiyovunjwa kamwe: kushikana shingo. Kila mnapofika meza ya maji, mliokimbia pamoja mnanyoosha mikono bila kusimama, kila mmoja anaweka kiganja nyuma ya shingo ya mwenzake. Shingo ikiwa imelowa na imepoa, mnaendelea. Ikiwa imekauka na inachoma, mnatoka barabarani wote wawili, hata kama mnaongoza, hata kama utepe mnauona. Wote wawili, ili asiwepo wa kunufaika na ugonjwa wa mwenzake. "Moyo utakudanganya," Kocha alizoea kuwaambia, "miguu itakudanganya, na tamaa ndiyo mwongo mkubwa kuliko wote. Shingo ya mwenzako haidanganyi."

Fausta alikuwa anatembea kwa kasi sasa, watu wanamtazama na nywele zake za upande mmoja, wengine wanampungia, na yeye anaiona meza ya mwisho ya maji kana kwamba imewekwa pale mbele yake. Wamebaki wao wawili tu. Anamshika Vene shingo, inachoma. "Vene, unachoma," anamwambia. Vene naye anamshika yeye, na uso wake uliokunjamana unakunjuka kwa nafuu. "Wewe umepoa kabisa," anasema. "Jua letu ni moja, mwendo wetu ni mmoja. Kama wewe umepoa, basi na mimi ni mafuta tu ya mwili yanaungua. Twende." Na Fausta akamwachia. Wakaenda. Baada ya kuvuka daraja Vene alianza kupepesuka kama mlevi, akaanguka kifudifudi kwenye lami, na Fausta hakujua mpaka alipokata utepe na kugeuka kutafuta wa kumkumbatia.

*

Kocha Bura alikuwa uani kwenye hosteli ya wanariadha, amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, anapiga viatu brashi. Alikuwa mdogo wake marehemu baba yake Fausta. Ndiye aliyemlea, akamlipia shule, akamfundisha kukimbia na kuvumilia. Tangu azaliwe Fausta hakuwahi kumkaribia bila kumwamkia.

"Leo hakuna shikamoo?" Kocha aliuliza bila kuinua kichwa.

"Umeniwekea nini shingoni, baba mdogo?"

Brashi ikasimama. Alimtazama, akaona nywele, akaona mafuta yaliyochuruzika mpaka kwenye kola.

"Nani amekuambia?"

Hapo Fausta alijua yote. Asiye na hatia angeuliza ni kitu gani. Yeye aliuliza ni nani. Akakaa chini kwenye saruji ya moto. Aliumia. Tuseme ukweli, aliumia kuliko siku aliyomzika baba yake, kwa sababu baba hakuchagua kufa.

"Ni kitu kidogo tu," Kocha alisema kwa sauti ya chini. "Kinaitwa kipoza. Chembamba kama ukucha wa mtoto. Kimelala jirani na mshipa unaopeleka damu kichwani. Damu ikipata moto kinaamka chenyewe, kinanyonya joto, kinalipitisha kwenye nyuzi mpaka mabegani, jasho linaliondoa. Hakina dawa, hakina betri. Kinaishi kwa mtikisiko wa hatua zako, kinaweka akiba."

"Ndiyo maana vipimo havikukiona."

"Vipimo vinatafuta dawa."

"Na kinanipa nguvu."

"Hakikupi nguvu hata chembe. Nguvu ni zako." Hapo alichangamka kidogo, mwalimu ni mwalimu hata akiwa kizimbani. "Sikiliza. Miguu haichoki yenyewe, Fausta. Ubongo ndio unaonusa joto la damu na kuiambia miguu ichoke, kabla mwili haujaungua. Ukiupoza ubongo, unanyamaza, miguu inaendelea."

"Kwa hiyo sikuwa na nguvu mpya. Nilikuwa nimezibwa masikio."

Kuku wa mwenye hosteli walipita kati yao wakidonoa.

"Ule uvimbe," Fausta akasema. "Mlioniambia umeota shingoni baada ya kuanguka kule Singida. Ulikuwepo?"

"Fausta..."

"Ulikuwepo, baba mdogo?"

"Haukuwepo."

Mama yake alifunga siku ile ya operesheni. Alikaa nje ya chumba cha upasuaji na rozari mkononi, akiuombea uvimbe usiwe wa saratani, na Kocha Bura alikaa pembeni yake akiitikia sala. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Cha Fausta hakikuishia nguoni. Kilipasuliwa ngozi kikaingizwa ndani, na mama yake akamshukuru daktari kwa machozi.

"Nilikubeba mgongoni Singida," Kocha alisema. "Ulikuwa mzito kama maiti. Ulimi nje, macho meupe. Nilimwahidi mama yako kwamba hutakufa barabarani mikononi mwangu. Ningekukataza kukimbia ungeniacha ukaenda kwa kocha mwingine akakuua. Ningekuambia habari ya kipoza ungekataa."

"Ningekataa."

"Ndiyo maana sikukuambia." Alitupa brashi ndani ya ndoo nyingine. "Na uniambie wewe unayejua haki. Wale wa mashati ya barafu wanapozwa mwili mzima, wanapewa dhahabu, wanaitwa mashujaa. Mtoto wangu mimi akipozwa ukucha mmoja ili asife, ni mwizi. Haki hiyo ilitungwa na nani? Ilitungwa wapi? Ilitungwa kwenye chumba chenye baridi, mwanangu."

Lilikuwa swali la kweli. Hata leo mimi sijui Fausta angejibu nini. Lakini alikuwa na swali lake, na lenyewe lilikuwa dogo zaidi.

"Kwa nini shingoni? Ulitutungia sheria ya shingo wewe mwenyewe. Ulijua Vene atanishika pale pale, kila meza."

Kocha Bura alichukua muda mrefu kufunga kamba za kiatu kisichokuwa na mguu ndani.

"Sikufikiri Vene angekufuata mbali hivyo," alisema hatimaye. "Siku zote anabaki nyuma mapema. Sikumhesabu."

Akaeleza na mengine, kwamba ni Mbio za Dunia tu zimebaki, kwamba baadaye daktari atakitoa kimya kimya, kwamba Fausta akisema hakuna atakayefaidika, nafasi itakwenda kwa mshindi wa pili aliyefika ameshachoka, kambi itafungwa, vijana wote wa Dongobesh wataitwa wezi. Fausta hakuyasikia. Neno moja lilikuwa limemjaa masikioni. Hakumhesabu. Vene aliyekuwa akiamka kabla ya kila mtu kambini kuwasha moto wa chai, ambaye mtoto wake alimwita Kocha babu.

*

Figo za Vene zilikuwa zimepikwa. Ndivyo muuguzi alivyosema, bila kutafuta neno la kistaarabu. Alikuwa amelala karibu na dirisha, mpira wa damu unaingia kwenye mashine na kurudi, uso umevimba. Alipomwona Fausta alitabasamu kwa upande mmoja.

"Mshindi. Mbona msusi amekukimbia katikati?"

Fausta alivuta kiti. Njiani alikuwa ametunga namna nzuri ya kuanza, ikapotea yote, akaanza na mafuta ya nazi. Alisema kila kitu mpaka mwisho: operesheni, uvimbe ambao haukuwepo, kitu kilicholala jirani na mshipa, baba mdogo na brashi yake. Alisema kwamba shingo ile iliyopoa haikuwa yake. Neno la kutohesabiwa ndilo pekee alilolimeza, kwa huruma.

Vene alisikiliza macho yakiwa kwenye dari. Mashine ilikuwa inanguruma taratibu.

"Kwa hiyo nilikuwa napima friji," alisema.

"Nisamehe, Vene."

"Daktari kasema juani sirudi tena. Hata kulima, asubuhi na jioni tu. Nilikuwa nimejisikia vibaya tangu kule mlimani, unajua? Kichwa kinapiga. Nikasema ngoja nifike mezani nimshike Fausta. Nilipokushika nikajiona mjinga, mwoga. Nikajisema, Vene, mwenzako kapoa, wewe unadeka nini."

"Nisamehe, mwenzangu. Sijui niseme nini."

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi, wewe, Kocha na daktari wake."

"Basi mzigo huo usinipe mimi." Vene aligeuza kichwa kwa taabu, akamtazama sawasawa. "Unakuja kuniwekea hapa kitandani ili nikusamehe, ukalale, kesho ukavae medali. Mimi nina mzigo wangu tayari, huu hapa unanguruma. Nenda kaseme kule kwenye vipaza sauti ulikosema unakimbia kwa jasho lako. Ukishasema, ndipo uje tuzungumze habari ya kusameheana."

Hakuwa amepandisha sauti. Fausta aliinuka akaenda, na alipofika mlangoni alisikia kama unafuu, kwa sababu afadhali sasa alikuwa na kitu cha kufanya.

*

Kamati ya Nidhamu ya Riadha ilikaa kwenye ukumbi wenye viti vya bluu, milango wazi, kamera zimejaa. Fausta ndiye aliyeomba kamera ziwepo. Alikuwa amekwenda mwenyewe asubuhi kwa daktari mwingine, akapigwa picha ya shingo, na ile picha ilikuwa imetundikwa ukutani kwenye kioo: pingili za shingo, na kando yake kitu chembamba kinachong'aa, nyuzi zake zikitambaa kwenda mabegani. Ukumbi mzima ulikuwa unakiangalia. Kilikuwa kizuri, ukisahau kilikotiwa.

Alisema aliyokuja kusema. Kwamba ushindi si wake na anaurudisha. Kwamba Veneranda Qamara aliumia kwa kuiamini shingo yake. Kwamba wakimbiaji wote wa Daraja la Jasho wapigwe picha kuanzia sasa.

Mwenyekiti, Bi. Tunu Mbonde, alikuwa mwanamke wa makamo, mwanasheria, mwenye namna ya kuweka maneno mezani moja moja.

"Tunakushukuru kwa ujasiri wako," alisema. "Limebaki swali moja, na nataka kila mtu humu aelewe uzito wake. Kumpasua mtu na kumtia kifaa bila ridhaa yake ni jinai. Hilo linatoka mikononi mwetu, linakwenda polisi, na waliofanya watafungwa. Kumtia kwa ridhaa yake ni udanganyifu wa michezo. Hilo tunalimaliza sisi, kwa kufungia. Fausta Lohay, ulijua?"

"Sikujua."

"Kocha Bura Lohay?"

Kocha alikuwa amevaa koti lake la harusi na mazishi. Alisimama polepole. Fausta alimgeukia, na pamoja na yote yaliyotokea, moyo wake ulifanya kitu cha kijinga: ulitulia. Alikuwa ameuzoea mgongo ule. Alijua baba mdogo ni mtu aliyepotoka, lakini alijua pia kwamba kila alipoanguka, mtu yule alikuja kumwokota. Sasa hakuhitaji kubebwa. Alihitaji neno moja tu.

Kocha Bura alimtazama mwenyekiti, akatazama kamera, akatazama mlango ambako askari wawili walikuwa wamesimama kwa utaratibu tu wa ukumbi. Kisha akatazama sakafu.

"Alijua," alisema. Alisema kwa sauti ile ya upole aliyoitumia kuwabembeleza watoto wanaoumwa. "Tulikubaliana. Ameona mwenzake ameumia, amepata majuto, ndiyo maana anasema hivi. Msimwadhibu sana, bado ni binti."

Ukumbi ulivuma. Mtu nyuma akatukana. Fausta alisikia jina lake likiitwa kutoka pande zote na hakugeuka hata upande mmoja. Alikuwa anamwangalia baba mdogo, akisubiri ainue macho, na baba mdogo hakuyainua. Daktari wa kipoza hakuonekana mjini tangu jana yake. Hakuwepo mwingine wa kuulizwa. Mama alikuwa ameambiwa tu habari za uvimbe, na uvimbe ule, kwa mujibu wa picha ukutani, haukuwahi kuwepo. Ungemwitaje mama wa watu aje aseme aliuombea uongo?

Kamati ilikwenda faragha na kurudi upesi. Wakamfungia Kocha maisha. Wakamfungia Fausta maisha. Nafasi ya Mbio za Dunia ikaenda kwa mshindi wa pili, aliyekuwa akilia kwa furaha na aibu kwa pamoja. Kwenye ngazi za nje kijana mmoja alivua fulana yenye maneno ya Fausta, akaitupa miguuni pake. Fausta aliiruka akaendelea kushuka.

*

Vene alikuwa ameangalia yote kwenye simu ya muuguzi. Alikuwa amekaa sasa, mito miwili mgongoni, na uvimbe usoni ulikuwa umepungua kidogo. Kiti kilikuwa palepale.

"Umesema," alisema Vene. "Nimekusikia."

"Na yeye umemsikia."

"Na yeye nimemsikia."

Fausta akakaa. Muuguzi alikuja akasoma mashine, akaondoka. Fausta alikuwa na uchovu ambao hakuwahi kuupata kwenye mbio yoyote, na ndani ya uchovu huo kulikuwa na kitu kinachowaka: mtu mmoja, dunia nzima, mtu mmoja tu amwambie najua hukujua. Hakuthubutu kukiomba. Alikuja kwa sababu Vene alisema aje.

"Nikuulize kitu," Vene alisema. "Si cha kamati. Cha kwangu."

"Uliza."

"Meza ya mwisho. Ulinishika, ukaniambia nachoma. Sheria unaijua kuliko mimi. Ulitakiwa unitoe, tutoke wote. Mimi nilisema twende, sawa, lakini mimi nilikuwa nimeshaungua akili. Wewe ulikuwa mzima. Nalala hapa nawaza, kama hukujua una kitu, kama uliamini tuko sawa mimi na wewe, kwa nini hukuniogopea?"

Jibu lilikuwepo. Lilikuwa limelala tayari, limepangwa na Kocha Bura mwenyewe uani kwenye ndoo: ubongo uliopozwa unanyamaza, hauoni hatari, hauogopi kwa ajili yako wala kwa ajili ya mwingine. Lilikuwa la kisayansi. Huenda lilikuwa la kweli kabisa. Fausta alilifikisha mpaka kwenye ulimi. Halafu akazikumbuka zile hatua mbili tatu baada ya kumwachia Vene shingo, jinsi barabara ilivyokuwa wazi mbele, jinsi alivyouona utepe akilini, jinsi ulivyokuwa mtamu. Ule utamu ulikuwa wa nani? Wa kipoza, au wake? Alijipekua mpaka chini kabisa na hakupata pa kushika. Baba mdogo alikuwa amemnyang'anya hata hilo, kujua lipi ni lake.

"Sijui," alisema.

Vene alimtazama kwa muda, kama mtu anayesubiri sentensi imalizike. Haikuwa na mwisho mwingine.

"Ungenidanganya ningekuamini," Vene alisema, akageuza uso ukutani. "Nilikuwa nimeshajiandaa kukuamini."